Nani Acheze Namba Tano? Historia ya Takwimu katika Kupanga Wachezaji wa Kikapu

Timu ya mpira wa kikapu huingiza uwanjani watu watano, na kwa desturi kila mmoja ana namba yake. Namba hiyo siyo ile ya mgongoni. Namba moja hupandisha mpira na kugawa pasi, namba mbili hutupa kutoka mbali, namba tatu na nne ni mafowadi, na namba tano, yaani senta, husimama jirani na kikapu. Sheria za mchezo hazizitaji namba hizi popote. Zilizaliwa na mazoea, na kwa miaka mingi kilichoamua nani acheze wapi kilikuwa urefu wa mwili. Takwimu zilichelewa kuja. Zilipokuja zilianza kwa kuuthibitisha urefu, kisha zikaanza kuupinga. Historia hiyo inawahusu watu wa Afrika Mashariki kwa karibu, kwa sababu mmoja wa wachezaji waliopimwa, wakasifiwa na baadaye wakahukumiwa kwa takwimu ni Mtanzania, Hasheem Thabeet. Inazihusu pia shule za miji midogo kama Masumbwe, katika Wilaya ya Mbogwe mkoani Geita, ambako hakuna kamera wala kompyuta ya kuhesabu, na mwalimu wa michezo hupanga kikosi kwa jicho.

Mchezo wenyewe ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith huko Springfield, Massachusetts, Marekani, katika chuo cha kufundishia viongozi wa YMCA. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 18, kwa hiyo kila upande ulikuwa na wachezaji tisa: walinzi nyuma, wengine katikati, washambuliaji mbele. Kufikia mwaka 1897 idadi ilikuwa imetulia kwenye watano. Senta alipata jina lake kutokana na kazi moja mahususi. Kila kikapu kilipofungwa, mpira ulirudishwa katikati ya uwanja ukarushwa juu, na watu wawili wakaurukia. Timu yenye mtu mrefu katikati iliweza kufunga, kuupata mpira tena, na kufunga tena bila wapinzani kuugusa. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1937, lakini senta hakufutwa. Alihama tu kutoka katikati ya uwanja kwenda chini ya kikapu.

Upande wa wanawake mambo yalikwenda njia nyingine. Inasimuliwa kwamba Clara Baer, mwalimu wa chuo cha wasichana cha Newcomb huko New Orleans, aliutazama mchoro wa Naismith uliokuwa na mistari ya nukta kuonyesha maeneo ambayo kila mchezaji angefaa kuyalinda, akaielewa kuwa ni mipaka isiyovukwa. Sheria zake za mwaka 1895 ziliwafunga wachezaji kila mmoja katika eneo lake. Uingereza nako uwanja ukagawanywa sehemu tatu, na mwaka 1901 zikachapishwa sheria za mchezo uliojitenga na kikapu: netiboli. Waingereza wakaueneza katika nchi walizozitawala, Tanganyika ikiwemo. Sheria moja ya kimataifa ya wachezaji saba ilikubaliwa mwaka 1960.

Ndiyo maana mtoto wa shule katika Wilaya ya Mbogwe, ambako netiboli imo katika michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA), anaijua nafasi kama kitu kilichoandikwa kifuani. Mwenye herufi GS na mwenye GA ndio pekee wanaoruhusiwa kufunga. Mwenye C hawezi kuingia ndani ya nusu duara la goli. Kocha wa netiboli akikosea kumpanga mtu, sheria humfunga mtu huyo ndani ya kosa hilo mpaka mapumziko. Katika kikapu hakuna kifungo kama hicho. Mchezaji yeyote anaruhusiwa kwenda popote na kufanya chochote, na kinachomzuia ni mawazo ya kocha tu. Hapo ndipo takwimu zinapokuwa na kazi, kwa kuwa mawazo ya kocha yanaweza kupimwa.

Ili kitu kipimwe lazima kwanza kiandikwe, na katika kikapu viliandikwa vichache sana kwa muda mrefu. Karatasi rasmi ya FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, inayojazwa mezani katika mechi za mashindano kote Afrika Mashariki, inaonyesha hali hiyo hadi leo. Mwandishi huweka alama ndogo ya x mbele ya jina la mchezaji anapoingia kwa mara ya kwanza, na wale watano walioanza huzungushiwa duara. Faulo huandikwa katika visanduku vitano. Kila pointi hufuatwa katika safu inayopanda kutoka 1 hadi 160: kikapu cha kawaida hukatwa kwa mstari wa mshazari, mtupo huru hujazwa kitone, na aliyefunga pointi tatu huzungushiwa duara kwenye namba yake ya jezi. Kalamu za rangi mbili hutenganisha robo za mchezo. Ni kazi ya umakini mkubwa, na ikifanywa vizuri mtu anaweza kuisoma mechi nzima jinsi ilivyopanda na kushuka. Hata hivyo mtupo uliokosa hauachi alama yoyote. Aliyefunga vikapu sita kwa kutupa mara saba na aliyefunga sita kwa kutupa mara ishirini wanafanana kabisa. Ribaundi, yaani kudaka mpira baada ya mtupo kukosa, haimo, pasi iliyozaa kikapu haimo, wala dakika ambazo mtu alikaa uwanjani. Karatasi hiyo imetengenezwa kuamua nani ameshinda, na kwa hilo inatosha.

Ligi ya Marekani iliyokuja kuitwa NBA ilianzishwa mwaka 1946, nayo iliongeza safu zake taratibu. Ribaundi zilianza kuandikwa msimu wa 1950–51 na dakika za kucheza msimu uliofuata. Bloku (mitupo iliyozuiwa), mipira iliyoporwa, na utofauti kati ya ribaundi za kushambulia na za kulinda viliandikwa rasmi kuanzia msimu wa 1973–74 tu. Mipira aliyoipoteza kila mchezaji iliingia 1977–78, na mstari wa pointi tatu ukachorwa 1979. Matokeo yake ni ya kushangaza. Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 kati ya 1956 na 1969, na ambaye kazi yake kuu ilikuwa kuzuia mitupo, hana hata bloku moja katika kumbukumbu rasmi za ligi.

Katika kipindi hicho hicho watunga sheria walikuwa wakihangaika na watu warefu. Mwaka 1944 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kuugusa mpira unaoshuka kuelekea kikapuni, kwa sababu ya vijana wawili wenye urefu wa zaidi ya mita mbili, Bob Kurland na George Mikan. Mwaka 1951 NBA ilipanua eneo la chini ya kikapu ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, likawa mara mbili ya lilivyokuwa, kwa sababu ya Mikan. Mwaka 1964 likapanuliwa tena kwa sababu ya Wilt Chamberlain, aliyekuwa amefunga pointi 100 katika mechi moja tarehe 2 Machi 1962. Kila badiliko lilikuwa ushahidi kwamba namba tano ndiyo iliyoamua mechi, na kila kocha duniani alijifunza somo lile lile: tafuta mtu mrefu kuliko wote, umweke chini ya ringi.

Mara chache mtu mrefu alipewa nafasi ya kufanya jambo jingine, na takwimu zikajibu. Manute Bol, Mdinka kutoka nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, alikuwa na urefu wa mita 2.31. Msimu wake wa kwanza, 1985–86, akiwa na Washington alipiga bloku 397, na alistaafu akiwa na bloku nyingi kuliko pointi alizofunga. Msimu wa 1988–89, akiwa Golden State, kocha Don Nelson alimruhusu atupe kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Alitupa mara 91 na kufunga 20. Hiyo ni asilimia 22, kiwango ambacho hakuna timu inayoweza kuishi nacho. Jaribio hilo huchukuliwa na wengi kama kichekesho, lakini lilikuwa na adabu ya kisayansi: swali liliulizwa, mitupo ikahesabiwa, jibu likapatikana. Wachezaji wengi warefu hawajawahi kuulizwa swali hilo hata mara moja.

Hatua iliyofuata haikuwa kuandika vitu vingi zaidi, ilikuwa kuvigawa vizuri. Kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yanayoizunguka Masumbwe hakuna mchimbaji anayesifia mwamba kwa wingi wa viroba vilivyotoka shimoni. Sampuli hupelekwa kupimwa, na swali huwa ni gramu ngapi kwa tani, kwa kuwa viroba mia vya mwamba hafifu vinaweza kumaliza fedha ya karasha na mwalo bila kurudisha kitu. Wachambuzi wa kikapu walifikia hesabu ya aina hiyo. Kocha Frank McGuire na baada yake Dean Smith, wa Chuo Kikuu cha North Carolina, walianza mapema kuhesabu pointi kwa kila zamu ya kumiliki mpira badala ya pointi kwa mechi, maana timu inayocheza mbio hupata zamu nyingi na hivyo pointi nyingi bila kuwa bora. Mwaka 2004 Dean Oliver alikusanya fikra hizo katika kitabu *Basketball on Paper*. Alionyesha kuwa ushindi unategemea mambo manne, naye akayapa uzito: ubora wa mitupo asilimia 40, kutopoteza mpira asilimia 25, ribaundi za kushambulia asilimia 20, na kupata mitupo huru asilimia 15.

Ubora wa mitupo nao ulipata kipimo chake. Mtupo wa pointi tatu ukiingia huhesabiwa kama kikapu kimoja na nusu. Mchezaji aliyetupa mara kumi kutoka mbali na kufunga nne ana pointi 12, sawa na aliyetupa mara kumi kutoka karibu na kufunga sita. Kwa macho wa kwanza amekosa mara nyingi zaidi. Kwa hesabu wako sawa, na wa kwanza amemlazimisha mlinzi wake kutoka nje, akawaachia wenzake nafasi ndani. Hesabu hiyo fupi ndiyo iliyokuja kuivuruga namba tano.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987, na alianza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15. Alikwenda kusoma Marekani, akamalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Kwa urefu wa mita 2.21 hakuna aliyejiuliza angecheza namba ngapi. Takwimu zake za chuo ziliunga mkono uamuzi huo kwa nguvu zote. Katika misimu mitatu alipiga wastani wa bloku 3.8, kisha 4.5, kisha 4.2 kwa mechi. Msimu wa mwisho, 2008–09, alifunga pointi 13.6 na kudaka ribaundi 10.8 kwa mechi. Alitangazwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa.

Kulikuwa na mechi moja iliyosema jambo tofauti. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ilicheza na Pittsburgh. Aliyemkabili alikuwa DeJuan Blair, mtu wa mita 2 na kidogo, mfupi kwake kwa karibu sentimita 20, lakini mpana na mwenye miguu imara. Blair alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Thabeet aliondoka na pointi 5 na ribaundi 4. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Katika drafti ya NBA ya mwaka huo, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Thabeet aliitwa wa pili na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo, na Blair akaitwa wa 37. Aliyeitwa wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry.

Msimu wa kwanza wa Thabeet ulikuwa wa mechi 68, dakika 13 kila mechi, pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Ukizisoma hivyo, ni namba za mchezaji aliyeshindwa. Ukizigawa kwa dakika na kuzipeleka kwenye dakika 36, ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha mchezaji wa kutegemewa, unapata ribaundi 10 na bloku 3.6, karibu sawa na zile za chuoni. Pointi zinabaki 8 na kidogo. Kwa hiyo si kweli kwamba kipaji chake cha kuzuia mitupo kilipotelea njiani. Alikuwa bado mzuiaji hodari. Tatizo lilikuwa jinsi ya kumweka uwanjani kwa muda wa kutosha.

Sababu kubwa iko katika sheria ambayo takwimu za chuo hazikuweza kuionyesha. Tangu msimu wa 2001–02 NBA inamkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la chini ya kikapu bila kumkaba mtu kwa karibu. Vyuo vya Marekani havina katazo hilo, wala FIBA haina. Mtu mrefu anayesubiri chini ya ringi ni hazina kubwa katika mechi ya chuo, au katika mechi ya Dar es Salaam. Katika NBA analazimika kutoka nje, kumfuata senta mwenzake anayekuja juu kumwekea ngao mchezaji wa namba moja, kisha arudi ndani kabla hajachelewa. Bloku zinahesabu mitupo iliyofika kwake akaizuia. Hazihesabu mara alizovutwa nje na mpira ukapita alipokuwa amesimama. Memphis ilisoma safu iliyokuwepo, nayo ilikuwa safu ya kweli, lakini ikaitafsiri kama jibu la swali ambalo safu hiyo haikuulizwa.

Tarehe 24 Februari 2011 Memphis ilimpeleka Thabeet Houston katika mabadilishano ambayo yalimleta Shane Battier. Kama kuna siku moja ambapo zama mbili za takwimu za kikapu zilipishana, ni hiyo. Meneja mkuu wa Houston wakati huo, Daryl Morey, alikuwa amesifika kwa kuendesha timu kwa hesabu. Miaka miwili kabla, Februari 2009, mwandishi Michael Lewis alikuwa ameandika makala ndefu katika gazeti la *The New York Times* akimweleza Battier kuwa nyota asiye na takwimu. Pointi zake zilikuwa chache, ribaundi chache, bloku chache. Lakini kila alipokuwa uwanjani timu yake ilifanya vizuri zaidi, na nyota aliyemkaba alifanya vibaya zaidi. Kipimo kilichomfichua kinatoka katika mchezo wa magongo wa barafuni, nacho ni rahisi: hesabu pointi ambazo timu imefunga na kufungwa wakati mtu fulani yumo, kisha linganisha na wakati hayumo. Aprili 2011, katika mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya San Antonio iliyoongoza kanda ya Magharibi, Battier alifunga pointi tatu za ushindi zikiwa zimebaki sekunde 24 hivi, na mwisho wa mfululizo huo Memphis ikaitoa San Antonio.

Thabeet alicheza pia Portland na Oklahoma City, na hadi mwaka 2014 alikuwa amefikisha mechi 224 za NBA kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Hukumu ya haki juu yake haiwezi kuishia kwenye orodha za walioitwa mapema na kushindwa, ambazo waandishi wa Marekani hupenda kuzitoa kila mwaka. Mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 na akafika kuwa mlinzi bora wa ligi yake kabla ya kutimiza 22 alikuwa na uwezo wa nadra. Alichokosa ni muda wa kujaribiwa katika kazi zaidi ya moja. Na katika drafti ile ile, ule mtupo wa mbali wa Curry ulikuwa unakuja kuimaliza kabisa namba tano ya kusimama. Msimu wa 2015–16 Curry alifunga vikapu 402 vya pointi tatu, na senta asiyeweza kutoka nje kumkaba mtu akawa mzigo kwa timu yake.

Wakongo wawili waliozaliwa katika miji ya Kiswahili wanaonyesha upande mwingine. Bismack Biyombo wa Lubumbashi ana urefu wa mita 2.05 hivi. Kwa kanuni ya zamani huyo ni fowadi. Aprili 2011, katika mechi ya vijana ya Nike Hoop Summit, alimaliza na pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mashindano hayo, na miezi miwili baadaye akaitwa wa saba katika drafti. Takwimu zilisema kuwa mikono yake mirefu ilifanya kazi ya senta, na akachezeshwa senta kwa zaidi ya miaka kumi. Mei 2016, akiwa Toronto, alidaka ribaundi 26 dhidi ya Cleveland katika mechi moja ya fainali ya kanda ya Mashariki.

Jonathan Kuminga wa Goma, aliyezaliwa 2002 na kuitwa wa saba na Golden State mwaka 2021, ni kesi ngumu zaidi. Ana mwili wa namba tatu na mbio za namba mbili. Msimu wa 2023–24 alifunga pointi 16.1 kwa mechi, akipata karibu asilimia 53 ya mitupo yake yote, ila asilimia 32 tu ya ile ya pointi tatu. Namba hizo zinaeleza mtu anayefunga akiwa karibu na kikapu, yaani namba nne. Lakini katika timu yake namba nne ilikuwa ya Draymond Green, ambaye naye hakuwa mtupaji wa mbali, na wawili wa aina hiyo wakikaa pamoja walinzi hujaa ndani. Kwa hiyo namba bora ya Kuminga haikutegemea Kuminga peke yake. Ilitegemea wale wanne wengine. Kesi hii inabomoa wazo kwamba kila mchezaji ana nafasi moja iliyo yake, inayosubiri kugunduliwa kwa hesabu.

Mwaka 2012 mwanafunzi wa Stanford, Muthu Alagappan, alijaribu kuziacha kabisa zile nafasi tano za kale. Aliingiza takwimu za wachezaji zaidi ya 400 wa NBA kwenye programu ya kompyuta iliyowakusanya kwa kufanana kwa wanayoyafanya, bila kuiambia nani ni gadi (namba moja au mbili) na nani ni senta. Yalitoka makundi 13. Walikuwemo wapandishaji mpira wa kulinda na wapandishaji mpira wa kutupa, wadakaji ribaundi wanaofunga pointi tatu, na walinzi wa eneo la chini ya kikapu. Msimu wa 2013–14 kamera za SportVU zilifungwa katika viwanja vyote vya NBA, zikifuata mienendo ya kila mchezaji na mpira mara 25 kwa sekunde. Ligi yenyewe ilikubali mabadiliko polepole. Senta aliondolewa kama nafasi ya pekee katika kura za mashabiki za mechi ya nyota mwaka 2013, na kuanzia msimu wa 2023–24 vikosi bora vya mwaka vinachaguliwa bila kujali nafasi.

Afrika nayo imeanza kuandikwa. Ligi ya Afrika ya kikapu, BAL, ilianza Kigali Mei 2021, na takwimu kamili za kila mechi yake huchapishwa. City Oilers ya Kampala na Nairobi City Thunder zimeshiriki. Mchezaji wa klabu hizo leo anaweza kupimwa na mtu wa mbali kwa namna ambayo kijana wa kizazi cha Thabeet hakuweza kabla ya kuvuka bahari.

Masumbwe iko mbali na hayo yote, kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo.   Kamera za kupima mara 25 kwa sekunde hazihitajiki huko. Daftari moja la mistari na wanafunzi wawili wasiocheza siku hiyo wanatosha. Mmoja anaita, mwingine anaandika. Safu za lazima ni mitupo iliyopigwa karibu, mitupo iliyopigwa mbali, iliyoingia katika kila aina, ribaundi, pasi zilizozaa vikapu, mipira iliyopotezwa, na muda wa kuingia na kutoka. Bila safu ya muda zile nyingine zote hupotosha, kwa kuwa anayecheza mechi nzima atamzidi kila mara anayepewa dakika sita.

Kuna mtego mmoja ambao mwalimu anapaswa kuujua kabla hajaanza. Msichana mrefu aliyewekwa chini ya ringi siku zote atakuwa na ribaundi nyingi na pasi chache. Daftari litasema kuwa anafaa chini ya ringi. Kumbe linarudia tu uamuzi wa aliyempanga, kwa sababu hakuwahi kupewa mpira juu ili ionekane angefanya nini. Takwimu za mtu aliyechezeshwa nafasi moja tu haziwezi kulinganisha nafasi mbili. Ndiyo maana katika mazoezi na mechi za kirafiki kila mchezaji achezeshwe walau nafasi mbili kwa vipindi vinavyolingana, na kila nafasi iandikwe katika ukurasa wake. Mechi mbili au tatu ni chache mno kuhukumu mitupo, kwani mtu mwenye mkono wa kawaida anaweza kufunga mitano mfululizo Jumamosi moja na kukosa yote inayofuata. Ribaundi na mipira iliyopotezwa hutulia mapema zaidi.

Mwalimu wa michezo wa Masumbwe, wa Ushirombo au wa Kahama anayesoma haya aanze na daftari hilo muhula huu, kabla ya kikosi cha UMISSETA kuchaguliwa, na yule kijana mrefu kuliko wote apewe angalau mechi moja ya kupandisha mpira.